Udarizi wa Watoda begani kwangu: pochi, mkoba na shali

Mara mbili nilimrudishia muuzaji ile pochi ya Watoda, kabila dogo la milimani kusini mwa India, nikimwomba nyingine. Niliona imeshonwa kinyume: nyuzi nyekundu na nyeusi zimetuna kwa juu, ukipapasa unahisi vijiuvimbe, kama fundi kasahau kugeuza kitambaa kabla ya kutia zipu. Mara ya tatu yule dada akachoka nami. Akachukua shali iliyokunjwa rafuni, akaitandaza kaunta, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Upande mmoja nakshi imelala laini, utasema ilifumwa pamoja na kitambaa. Upande wa pili nakshi ileile, lakini imesimama. Akagonga kidole kwenye ule uliosimama: huu ndio wa nje.

Hapo ndipo nilipotoa hela.

Duka lilikuwa Udhagamandalam, mji ambao karibu kila mtu anauita Ooty, juu ya milima ya Nilgiri katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Sikwenda India kutalii. Nilimpeleka mama Coimbatore, mji ulio chini ya milima hiyo, kwa upasuaji wa jicho, na baada ya upasuaji akawekewa gesi ndani ya jicho. Daktari akakataza ndege na milima mpaka gesi iishe. Wiki tatu tukawa chumba cha kupanga, tunakula idli, vikate vya mvuke vya mchele, asubuhi na kuhesabu siku. Mama mdogo, aliyekuja nasi, ndiye aliyenifukuza: "Hebu nenda kapunge upepo, dada yangu nitakaa naye mimi." Nikapanda basi alfajiri. Mji uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mimi mtu wa Temeke nilitetemeka saa saba mchana nimevaa khanga mbili juu ya gauni. Ndiyo maana niliingia lile duka kwanza: nilitaka kitu cha kujitanda.

Watoda wenyewe si wengi, karibu watu 2,000 tu. Ni wafugaji wa nyati wa kufugwa, hawali nyama kwa mila yao, na maziwa ya baadhi ya nyati hao huhifadhiwa katika nyumba maalumu ambazo ndizo mahekalu yao. Kitongoji chao huitwa mund. Nguo yao kubwa ya kujitanda ni putkuli, na udarizi wake wanauita pukhoor. Wanaodarizi ni wanawake peke yao; wanaojitanda ni wote, wake kwa waume, kwenye sherehe na kwenye misiba, na maiti naye huvikwa putkuli. Pochi ya kuwekea simu na chenji ni mambo ya juzijuzi, ya soko la wageni kama mimi.

Dereva wa bajaji (bajaji hizi hizi zetu, ndiko zilikotoka) akaniambia kuna mund juu kidogo ya bustani ya mimea ya serikali, akanipeleka. Nyumba zao za zamani zina umbo la pipa lililokatwa katikati kwa urefu, mlango mdogo wa kuingia kwa magoti. Nje ya nyumba ya matofali ya kawaida alikaa bibi mmoja na kitambaa mapajani. Nilimwamkia kwa kuunganisha mikono, akaniashiria nikae.

Sijawahi kuona mtu akidarizi namna ile. Hana fremu. Hana mchoro wa penseli kwenye kitambaa, hana karatasi ya kuigiza. Kitambaa ni pamba nzito nyeupe, ndugu wa merikani ya zamani, nyuzi zake unaziona moja moja, na kimefumwa tayari na mistari ya nyekundu na nyeusi. Nakshi hukaa kati ya mistari hiyo. Bibi anahesabu nyuzi za kitambaa kwa macho, sindano inaruka kadhaa, inazama, inaibuka, inaruka tena. Anafanya kazi akiuangalia upande ambao utakuwa wa ndani. Na kila uzi unapopita hauvuti mpaka mwisho, anauachia ulegee kidogo. Huo ulegevu ndio uliokuwa vijiuvimbe vyangu, kosa nililotaka kubadilishiwa pochi kwa ajili yake.

Nilimuuliza kupitia dereva, shali nzima inachukua muda gani. Jibu lilikuja refu kwa Kitamil, dereva akalifupisha: wiki nyingi, inategemea kazi za nyumbani.

Nilishuka na vitu vitatu: pochi ya zipu rupia 450, mkoba wa begani 1,600, na shali 3,200. Kwa hesabu ya wakati ule, rupia moja ilikuwa karibu shilingi 30, kwa hiyo shali ilinikata karibu laki moja. Niliuma meno.

Usiku nikampa mama ile shali mkononi bila kusema neno. Jicho moja limefungwa, na lile jingine si la kutegemea. Mama ni mtu wa Unguja, amedarizi kofia za mkono tangu hajaolewa, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kofia hizo. Akapapasa upande laini. Akageuza, akapapasa wa pili, taratibu, kwa ncha za vidole. Kisha akasema, "Huyu hakutumia fremu. Na huu ndio uso wake."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mtu hamwagi uzi wote huu kwenye upande wa kuficha, mwanangu."

Asubuhi akaisogeza dirishani, akaona rangi, akacheka: nyekundu, nyeusi, nyeupe. "Ala! Kisutu hiki!" Tangu siku hiyo shali si yangu.

Sasa ni miezi minane, na ninaweza kusema nilichokiona.

Shali sina la kuilaumu. Ni nzito kwa joto la Dar, ni kweli, lakini mama anaitumia kwenye basi la kiyoyozi na kwenye boti ya alfajiri kwenda Unguja, na leo anaivaa upande huu, kesho upande ule, kama ana mbili. Imefuliwa mara tano. Nyuzi hazijalegea zaidi ya zilivyolegezwa na mwenyewe.

Pochi ina pindo la vipembe vidogo vinavyofuatana, ambavyo dukani waliniambia ni masikio ya sungura. Udarizi wake uko vilevile. Zipu ilikufa mwezi wa tatu. Zipu ni ya kawaida kabisa, ya kununua kwa mita, na inaudhi kuona kazi ya siku nyingi ya mkono wa mtu inafungwa kwa kitu cha senti tano. Fundi wa mtaani alinitilia nyingine kwa shilingi 2,000.

Mkoba ndio ninaobeba kila siku, wenye pembetatu nyeusi ndani ya visanduku, alama ambayo Watoda huiweka kwa heshima ya kuhani wao wa kwanza. Watu wananisimamisha kuuliza nimeutoa wapi. Lakini uso ule uliotuna hunasa kila kitu: bangili, hereni nikiinama, na siku moja kwenye daladala ulinasa kwenye kifungo cha shati la mtu, tukashuka naye kituo kimoja tunanasuana. Uzi ukivutika usiukate. Urudishe kwa ndani polepole ukitumia sindano butu. Nyekundu nayo ilichuja kidogo nilipouloweka kwenye sabuni ya unga, ukawa na uwaridi pembezoni. Kosa langu, nilikuwa na haraka. Maji baridi, sabuni ya kipande, anika kivulini, ndivyo mama anavyofanya na shali na haijachuja hata tone.

Kuna kitu cha nne sikukitaja: pochi nyingine. Niliinunua kwa rupia 150 kando ya barabara, pale mabasi yanapopumzika, kwa mtu aliyeapa ni kazi ya mkono ya Watoda. Rangi zilezile, pembetatu zilezile. Nilipofika chumbani nikafumua bitana kwa wembe: nyuma yake kuna karatasi ngumu ya mashine ya kudarizi, na nyuzi zimesokotana kama kiota. Tangu 2013 udarizi huu una hati ya utambulisho wa kijiografia huko India, maana yake jina la Watoda si la kubandika kwenye kitu chochote. Hati hiyo haikushuka basi pamoja nami.

Hapo ndipo ninapogombana na hizi pochi na mikoba, hata zile halali. Kinachoutofautisha udarizi huu na nakshi nyingine zote nilizowahi kushika ni kwamba una pande mbili na zote mbili zinavalika. Ukishaushona kwenye mkoba ukautia bitana, umeuzika upande mmoja, na umemfungulia tapeli mlango, maana mnunuzi hana tena pa kuchungulia. Shali huwezi kumdanganya nayo mtu aliyewahi kuigeuza. Kwa hiyo kama una hela ya kitu kimoja tu, vunja kibubu ununue shali, au kitambaa cha mezani kisicho na bitana. Kama ni mkoba, mwombe muuzaji akuonyeshe kitambaa cha namna hiyo kabla hakijashonwa, na ukiona anababaika, toka. Kwangu shali ni kumi juu ya kumi, mkoba saba, pochi sita.

Mwezi uliopita bitana ya mkoba ikachanika kwa uzito wa chaja na vitabu. Nilimpelekea fundi Kariakoo, nikamwambia aitoe yote, asitie nyingine. Akaniangalia kama nilivyomwangalia mimi yule dada wa Ooty. Sasa nikifungua mkoba naiona nakshi ya ndani imelala laini, na funguo zangu kila mara zinatoka na uzi mwekundu. Mama anasema nitafute bitana ya vifungo, ya kuvua na kuvaa. Nimeuliza maduka matatu, bado.