Gemu la Mosley, Ngamiani: nyota tatu kati ya tano

Nimefundisha historia miaka 31 hapa Tanga, kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia, "Babu, kuna gemu Uingereza inakuwa ya kifashisti," sikungoja chai. Chumba cha gemu kiko Ngamiani: kompyuta sita, feni moja, shilingi 1,000 kwa saa.

Mchezo unaanzia Roma, Oktoba 1922. Katika historia ya kweli, Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu alikataa kutia saini amri ya hali ya hatari, Mussolini, kiongozi wa mafashisti, akapewa serikali. Humu kwenye gemu mfalme anatia saini, Mashati Meusi, wafuasi wa Mussolini, wanarudishwa makwao, na ufashisti unakuja kushika mizizi London miaka kumi baadaye, kwa Oswald Mosley, mwanasiasa wa Kiingereza, na chama chake cha kifashisti.

Sehemu ya ajira wameiweza. Humpandishi Mosley kwa hotuba tupu. Sharti wasio na kazi, waliokaribia milioni 3 mwaka 1932, waendelee kusota. Uchumi ukipata nafuu, chama kinanyauka, kama kilivyonyauka kweli, maana hakikuambulia hata kiti kimoja bungeni. Halafu kuna Cable Street, mtaa wa London ambako maandamano ya Mosley yalizuiwa Oktoba 1936: wakazi wamefunga njia, polisi hawapenyi. Nilijaribu kumpitisha Mosley mara tatu, nikashindwa mara tatu. Wala sikusikitika.

Kilichoniudhi ni ramani. Nilibonyeza Tanga, likatokea neno moja: mkonge. Jamani! Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Uingereza iliishika kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, na kila mwaka ilipaswa kupeleka taarifa Geneva. Sasa Mosley akijitoa kwenye Shirikisho, kama Ujerumani ilivyojitoa 1933, nani atauliza habari za watu wa mashambani? Gemu kimya. Marobota yanapakiwa bandarini, namba zinapanda, manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hawaonekani. Marehemu baba yangu aliletwa huku akiwa manamba, ndiyo maana nilibonyeza pale pale mara nyingi kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye watu.

Kijana wa pale ana adabu. Alinifundisha kushika kipanya bila kunicheka. Umeme ulikatika saa yangu ya pili, nikapoteza kila kitu tangu 1934, akaniongezea nusu saa bure. Nendeni asubuhi. Watoto wakishatoka shule wanataka gemu la mpira tu, na mzee utaambiwa, "Shikamoo, babu, tunaomba kiti."