DOT 3 au DOT 4, oili ipi ya breki?

Jamani wa Tanga, hizi oili si kitu kimoja, DOT ni daraja la oili ya breki. DOT 3 ikiwa mpya inavumilia angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi kabla haijachemka, DOT 4 ni 230, sasa zote zinanyonya unyevu na huku pwani hewa yenyewe ndo hiyo, zikishalowa viwango vinashuka, DOT 3 hadi 140, DOT 4 hadi 155. Mi niliteremka Lushoto kuja Mombo na DOT 3 iliyokaa miaka, kwenye kona oili ikachemka, pedali ikawa laini kama sponji ikazama hadi chini, aisee niliita mama! Mizunguko ya Ngamiani tu hapa mjini DOT 3 inatosha, kama ndo iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo cha oili ya breki. Mlimani weka DOT 4, badilisha kila miaka 2. DOT 5 usichanganye nazo kabisa, ile ni silikoni.