Riwaya za vijana: kitabu cha karatasi au simulizi za WhatsApp?

Kila shule zikifungwa hapa Mtwara lazima mzazi aulize: dogo anasumbua, nataka asome zile riwaya za kijana aliyepotea akaanza upya, sasa nimnunulie kitabu ama nimwachie simu?

Kwa bei simu inaonekana nafuu, ila piga hesabu vizuri. Simulizi za WhatsApp sehemu ya kwanza huwa bure, kijana kafukuzwa shule, kapelekwa kwa bibi yake Newala, anakutana na fundi seremala anayetaka kumfundisha kazi, mara paap, "itaendelea", lipia. Na bando juu. Kitabu unalipa mara moja, anasoma yeye, wadogo zake, na yule jirani asiyerudisha vitu (wapo hao).

Shida ni kukipata. Riwaya nyingi mpaka uagize Dar zije na basi, na barabara yetu mnaijua, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, mzigo ungepita wapi? Hapo simu inashinda, ilimradi chaji ipo. Kutunza pia, Shangani na Mikindani unyevu wa bahari unakunja kurasa, usiweke sakafuni.

Mi naangalia zaidi mtoto mwenyewe. Kama tatizo lake ndo hiyo simu, usiku kucha anabeti, humpi simu eti asome. Wa bweni vilevile, mpe kitabu. Ila mwenye aibu, asiyetaka wenzie waone anasoma habari za mtoto mtukutu, muache na simu yake, haina jalada la kuchungulia.