Poti na kapasita mpya za gitaa la besi: pesa zimefaa wapi

Gitaa langu ni la mtindo wa Precision: pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyokatwa vipande viwili, volyumu, toni, basi. Sitaki pre-ampu ya betri (kikuza sauti cha ndani ya gitaa), kwa hiyo ladha yote nje ya vidole na nyuzi inategemea vifaa vichache vilivyofichwa chini ya bamba la plastiki. Niling'oa vyote, nikaweka poti mbili (vipinzani vya kuzungusha, vinavyoendesha volyumu na toni) za CTS za kilo-omu 250, na jeki (tundu la kuchomeka kebo) ya Switchcraft. Kapasita, yaani kifaa kinachokata sauti za juu ukipunguza toni, nilizijaribu kadhaa kabla ya kuamua.

Poti kwanza, maana hapo ndipo tofauti inasikika. Zile za zamani, ndogo na zisizo na jina, zilikuwa zinakwaruza, na ya volyumu ilikuwa ya mstari, yaani upinzani hubadilika kwa kiwango kilekile mzunguko mzima: ukiipunguza kutoka kumi husikii kitu, ukikaribia mbili sauti inaporomoka ghafla. Hizi mpya zimepigwa chapa A250K. Hiyo A ni ya logarithimu, yaani upinzani hubadilika kwa mwendo unaolingana na masikio yetu. Sasa napunguza wakati wa ubeti na kurudisha kwenye kiitikio bila kutazama mkono. Hata kwenye toni A ni bora, kwa sababu kazi kubwa ya toni hufanyika upinzani ukiwa umebaki mdogo sana. Poti ya mstari huibana kazi hiyo yote kwenye ncha ya mwisho ya mzunguko. Lawama yangu ni moja: zinazunguka kwa uzito. Anayependa kuchezesha volyumu kwa kidole kidogo huku anapiga hatazifurahia.

Halafu kuna jambo ambalo halionekani kwenye pakiti. 250 iliyoandikwa si lazima iwe 250 uliyopewa. Poti nyingi za kawaida huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, kwa hiyo chochote kati ya 200 na 300 ni halali. Zangu multimeta ilisoma 231 na 268. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu volyumu na toni zikiwa wazi kabisa, zote mbili huilemea pikapu kwa pamoja: 250 mbili huwa kama 125 moja. Kadiri upinzani unavyoshuka, ndivyo mng'ao wa sauti za juu unavyopondwa. Nilionja pia za 500. Pikapu ikafunguka, lakini na kila mgongano wa nyuzi na freti ukatoka nje, mpaka msuguano wa vidole. Kwa mpigaji wa slapu, anayegonga nyuzi kwa kidole gumba, ni raha. Mimi napiga kwa vidole, nikarudi 250. Ukiweza, nunua poti ya ziada, upime zote, uchague mwenyewe.

Kapasita ndizo zenye maneno mengi sokoni. Nilitoa waya mbili nje ya gitaa, nikawa nazibadilisha kwa vibanio bila kulehemu, ampu na kebo vikiwa vilevile. Ya nanofaradi 22 (ndicho kipimo cha kapasita), toni ikifungwa kabisa, iliacha sauti nene yenye pua, bado inasikika vizuri kwenye spika ndogo. 100 ilizika karibu kila kitu isipokuwa mtikisiko wa chini. Kwa rege ni tamu, kwa kitu kingine ni blanketi. 47, kipimo cha kawaida cha besi, ndiyo niliyoilehemu.

Lakini hizo tofauti ni toni ikiwa imefungwa. Ikiwa wazi, upinzani wote wa poti unakaa mbele ya kapasita, na ni shida kuzitofautisha. Nikalinganisha kapasita ya karatasi na mafuta, ya bei ya kutisha, na ya poliesta ya bei ya karanga, zote zikisoma karibu 47 kwenye kipimo. Sikusikia kitu, wala mpiga ngoma wetu aliyekuwa amegeuka asinione nikibadilisha. Ile ya ghali inajivunia volti 400, wakati pikapu haikaribii hata sehemu ndogo ya hizo. Unene wake unachokupa ni kubanana tu ndani ya gitaa.

Jeki haina hadithi: inashika plagi vizuri, basi.

Kabla hujaagiza, pima matundu. Poti za CTS zinataka tundu la milimita 9.5, langu lilikuwa dogo, nikalipanua polepole kwa tupa ya duara. Angalia na shafti: kuna iliyopasuliwa yenye meno, kuna nzima inayobanwa kwa skrubu, na nobu za moja hazikai kwenye nyingine. Nobu zangu za zamani zimeishia droo.