TAHADHARI: Valvu bandia za kupunguza presha zinazouzwa kwa wakulima wa Bagamoyo

Ndugu wakulima wenzangu wa bonde la Ruvu, Makurunge, Kiromo, Kaole na vijiji vya jirani, ninawaandikia kuwatahadharisha juu ya muuzaji wa vifaa vya umwagiliaji anayezunguka mashambani mwetu tangu masika yaishe, akiuza valvu anazoziita za kupunguza presha, ambazo ndani yake hamna kitu. Mimi niliuziwa tatu. Jina lake sitalitaja kwa kuwa shauri liko polisi, na hata hivyo jina alilonipa mimi silo alilompa jirani yangu. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, kwa maana hiyo ndiyo itakayowasaidia kumtambua yeye au mwingine mwenye mbinu kama zake.

Shamba langu ni eka moja na nusu ya matikiti, nimeligawa mapande matatu ya nusu eka, kila pande na koki yake. Maji yanavutwa kisimani kwa pampu, yanapita kwenye chujio, na yanapofika shambani geji ya presha inasoma bar 3 (bar ni kipimo cha presha). Mipira ya matone niliyotandika, inayodondosha maji kwenye mashina, ni ile myembamba yenye unene wa milimita 0.2, ambayo haifai kupewa zaidi ya bar 1 hivi. Kwa hiyo kila pande linahitaji valvu ya kupunguza presha, na pasipo hiyo mipira haiwezi kudumu hata siku moja. Muuzaji huyu alifika na geji yake mwenyewe, spana zake na maneno mengi ya kifundi, akanionyesha valvu iliyopakwa rangi ya buluu, yenye skrubu juu na alama ya PN16 ubavuni. Akaniambia, "Mama, hii ni PN16, maana yake inashusha presha mpaka 1.6, halafu hapa juu unaikaza mpaka ifike unapotaka." Bei ilikuwa shilingi 185,000 kwa moja, nami nikalipa 555,000 kwa zote tatu.

Hapo hapo alikwisha kunidanganya, nami sikujua. PN16 haielezi presha ambayo valvu itakupa. Inaeleza uimara wa mwili wa valvu, yaani kwamba umetengenezwa kuhimili hadi bar 16 kwa maji ya joto la kawaida, kama vile PN10 ilivyo kwa bar 10. Koki ya kawaida kabisa, isiyopunguza chochote, inaweza kuwa na alama ya PN16 na ikawa halali. Ukimsikia muuzaji anaitafsiri alama hiyo kama alivyonitafsiria mimi, jua ama haijui bidhaa yake ama anakusudia kukuibia.

Ujanja wenyewe uko katika majaribio. Baada ya kufunga valvu zote tatu, alisema tuisafishe mipira kwanza, jambo ambalo ni sahihi, kwa sababu mipira mipya hufunguliwa ncha ili maji yatoe mchanga na takataka kabla ya kuanza kazi. Akafungua ncha zote za pande la kwanza, akawasha pampu, akachomeka geji yake mbele ya valvu, yaani upande maji yanakoelekea mipirani, ikasoma chini ya bar 1. Akaikaza skrubu kidogo, na wakati huo huo mkono wake wa pili ukaigusa koki iliyo nyuma ya valvu, upande maji yanakotoka. Sindano ikacheza, nami nikaamini kwamba skrubu inafanya kazi. Maji yanayomwagika wazi kutoka kwenye ncha zote hayawezi kujenga presha, hata pale ambapo valvu ni bomba tupu, na koki yoyote ukiifunga nusu huku maji yanapita, presha ya mbele itashuka. Akapokea fedha, akasema tuzifunge ncha kesho yake asubuhi mipira ikishakuwa safi, akaondoka na pikipiki yake.

Asubuhi yake mtoto wa kaka yangu alizifunga ncha, nami nikawasha pampu. Haikupita dakika moja nikamsikia anaita, "Shangazi, zima, geji inapanda!" Nilipofika kwenye koki sindano ilikuwa imegonga bar 3, na mipira ilikuwa inapasuka mstari baada ya mstari, maji yanaruka kimo cha mtu na kuchimba mashina ya miche ya wiki mbili. Katika pande lile moja tulihesabu mipasuko 37, mbali na viungio vilivyong'oka kwenye bomba la kugawia.

Tulifunga koki ya nyuma, tukaacha maji yaliyobaki yatoke yote, kisha tukafungua boliti nne za kifuniko. Ninaomba mlishike hilo la kutoa maji kwanza, kwa sababu mtu anayelegeza boliti huku presha imo ndani anaweza kupigwa usoni na kifuniko, na katika valvu halisi ipo pia springi iliyobanwa, hivyo skrubu ya juu hulegezwa kabla ya boliti. Ndani ya yetu hakukuwa na springi. Hakukuwa na kiwambo cha mpira kinachostahili kuwamo. Palikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kimekatwa kwa mkasi duara lisilokamilika, kazi yake ni kuzuia kifuniko kisivuje tu, na skrubu ile ilikuwa inaishia hewani bila kugusa chochote. Nilipoikwangua rangi kwa kisu nilikuta kutu ya zamani, na mahali penye PN16 palikuwa pamesagwa kwa msasa kabla ya herufi kugongwa kwa nyundo. Kwa valvu nyingi za chuma cha kalibu herufi hizo huinuka kutoka kwenye mwili wenyewe, kwa kuwa zimetoka nazo kiwandani. Herufi zilizogongwa juu ya rangi mpya zingenitosha kuwa na shaka, lau ningekuwa nazijua.

Valvu halisi ya aina ile hufanya kazi hivi. Springi husukuma njia ya maji ifunguke, na presha ya upande wa mbele huja chini ya kiwambo na kusukuma njia ifungwe. Presha ya mbele ikizidi kiwango ulichokipanga kwa skrubu, kiwambo huishinda springi na njia hujibana yenyewe, na matumizi yakiongezeka njia hujifungua. Kwa hiyo jaribio la haki ni lile linalofanywa ncha zikiwa zimefungwa, mipira inatoa matone tu, na koki ya nyuma imefunguliwa yote bila mtu kuigusa. Weka geji nyuma na mbele ya valvu. Ya nyuma ikisoma 3, ya mbele inapaswa kusimama pale ulipoipanga, na ukizungusha skrubu kidogo kidogo lazima ibadilike. Kisha funga koki ya mbele pole pole: sindano ya mbele inaweza kupanda kidogo, lakini lazima isimame. Ikiendelea kupanda mpaka ilingane na ya nyuma, hiyo si valvu ya kupunguza presha, au imekufa. (Vile vipunguzaji vidogo vya plastiki visivyo na skrubu ni suala tofauti. Vingi huhitaji maji yanayopita ndipo vishike presha, na kwa sababu hiyo hufungwa mbele ya koki, si nyuma yake.) Fanyeni jaribio hili kwenye kipande kifupi cha bomba gumu chenye koki, kabla ya kuunganisha mipira, na kabla fedha haijatoka mkononi.

Jirani yangu wa Kaole aliuziwa koki za "shaba" na mtu huyo huyo. Visima vya huko vina chumvi kwa sababu ya bahari, na ndani ya miezi michache mikono ya koki mbili ilikatika ikazunguka bure. Tuliikwangua moja kwenye nyuzi za kufungia, tukakuta rangi ya njano ni ngozi tu na chini yake kuna madini ya kijivu, yaani aloi ya zinki iliyopakwa juu. Shaba ya njano ni njano mpaka ndani, na koki yake ni nzito kuliko ya zinki yenye ukubwa ule ule. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa haiishiki shaba wala zinki. Itakusaidia tu pale ambapo ndani yake ni chuma.

Mwingine aliuziwa valvu za umeme za volti 24 akaambiwa aziunganishe moja kwa moja na betri za sola. Koili zake, yaani nyaya zilizozungushwa zinazofungua valvu, zilikuwa za umeme wa kubadilika (AC), na koili ya namna hiyo ikipewa umeme wa betri (DC) hupitisha mkondo mkubwa kuliko uliokusudiwa, ikapata moto. Kifuniko cha plastiki kiliyeyuka. Someni maandishi ya koili kabla ya kununua: AC na DC si kitu kimoja, hata kama volti zinafanana.

Ninaona uchungu zaidi juu ya mashauri mawili anayoyatoa kwa wateja, kwa sababu yanaumiza hata mtu mwenye vifaa halali. La kwanza, anawaambia watu wafunge koki haraka ili pampu isichoke. Maji yanayokwenda kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la PVC, yakisimamishwa ghafla, yanaweza kuongeza presha ya bar 3 au zaidi kwa kitambo kidogo, juu ya ile iliyokuwapo, na pigo hilo ndilo linalong'oa viungio na kupasua bomba mahali ambapo hakuna aliyegusa. Koki hufungwa taratibu, na ukihama pande unafungua la pili kwanza ndipo unafunga la kwanza, ili pampu isikose pa kusukumia maji. La pili, anawaondolea valvu ya kuzuia maji yasirudi, akidai inakula nguvu ya pampu. Sisi tunaoweka mbolea kwenye maji ya matone tukiiondoa hiyo, siku umeme unapokatika maji yenye mbolea, na wakati mwingine dawa, yanarudi kisimani. Katika vijiji vyetu kisima hicho hicho ndicho wanachochota watoto maji ya kunywa. Hili sikulifanya, lakini ninajua mashamba mawili ambako limefanyika, na nimewaomba wenyewe wairudishe valvu hiyo kabla ya kuwasha pampu tena.

Sikupewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, yenye namba ya simu ambayo sasa haipatikani. Anayekataa kutoa risiti ya EFD msimlipe, hata akiwapunguzia bei, kwa sababu polisi kitu cha kwanza walichoniuliza ni hicho. Mbali na polisi, malalamiko ya bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa wale ambao tayari wamefungiwa valvu za buluu za namna hii na bado hawajazifunga ncha za mipira, ninawasihi wasizifunge. Zimeni pampu, fungeni koki ya nyuma, toeni maji, mfungue kifuniko na kutazama. Mkikuta hamna springi, pigeni picha mkiwa na mashahidi wawili, na msiitupe wala kumpa fundi aitengeneze, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Mbili zangu ziko polisi, na ya tatu iko barazani kwangu, kifuniko kikiwa wazi, kwa yeyote anayetaka kuitazama kabla hajanunua yake.