Miwani ya kusomea ya wachuuzi Kisumu: pima umbali kabla ya kutoa pesa

Ukipita Oginga Odinga Street hapa Kisumu, au ukizunguka Kibuye siku ya Jumapili, hukosi mchuuzi mwenye ubao wa miwani. Fremu za plastiki, kibandiko cha duara kwenye lenzi, namba za nguvu ya lenzi kuanzia +1.00 kupanda hadi +3.50. Bei ni shilingi mia chache, wakati duka lenye mashine ya kupima macho litakudai elfu kadhaa kwa kazi hiyohiyo ya kusoma karibu. Wengi waliovuka miaka 40 huuliza kama ile ya rahisi itawaharibia macho. Haiharibu. Lenzi ya +2.00 ya mchuuzi, ikiwa imetengenezwa sawasawa, hupinda mwanga vilevile kama +2.00 ya dukani. Kwa mtu mwenye macho mawili yanayolingana, anayeona mbali vizuri, ningeipa nyota nne kati ya tano. Kwa wengine haifai kabisa, na nitawataja.

Kinachowapotezea watu pesa ni jinsi wanavyoichagua. Mchuuzi huuliza umri: una miaka 50? Shika +2.00. Makadirio hayo yana msingi wake. Lenzi iliyo ndani ya jicho huzidi kuwa ngumu kila mwaka, na kati ya miaka 40 na 45 hushindwa kujitunisha vya kutosha kuona kitu cha karibu, ndiyo maana mtu huanza kuisogeza simu mbali. Ugumu huo huendelea, na namba hupanda hadi karibu miaka 60 au 65, ndipo hutulia. Hautokani na miwani wala kusoma sana, na mtu hauzuii kwa kukataa kuvaa. Karoti hazilainishi lenzi hiyo. Asali au maji ya majani ya kutia jichoni ni hatari ya kweli, kwa sababu huweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho.

Lakini umri ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni umbali wa kazi yako, na huo mchuuzi hauulizi. Chukua kipande cha uzi. Kaa unavyokaa ukiwa kazini, kwenye cherehani, mbele ya daftari la duka, au na Biblia mapajani. Mtu ashike ncha moja kando ya jicho lako, avute hadi pale unapotazama, kisha afunge fundo. Usijikunje wala usijinyooshe, maana unapima mwili wako ulivyozoea. Fundi wa nguo anayetunga sindano hutokea kwenye sentimita 33 hivi. Msomaji wa kitabu, 40. Mwanakwaya aliyeshika karatasi ya nyimbo, 50 au zaidi. Mtu wa kompyuta, 60 hadi 70.

Sasa hesabu yenyewe. Gawa 100 kwa idadi ya sentimita. Uzi wa 40 unatoa 2.50, wa 50 unatoa 2.00, wa 33 unatoa 3.00, wa 67 unatoa 1.50. Mwenye miaka 60 na zaidi huhitaji karibu namba hiyo nzima, kwa sababu jicho lake halina tena nguvu ya kuongezea. Mwenye miaka 50 na kitu apunguze 0.50 au 0.75. Mwenye 45 apunguze 1.00 hivi. Utaona kwamba mama wa miaka 62 anayechambua mchele kwenye ungo na mwenzake wa umri huohuo anayekaa mbele ya kompyuta hawawezi kuvaa namba moja, na mmoja wao akiazima ya mwenzake atalalamika kichwa. Anayefanya kazi zote mbili anahitaji miwani mbili, na kwa bei hii anaweza kuzinunua.

Namba kubwa kuliko haja ndiyo kosa ninalolichukia zaidi. Pale mezani huonekana tamu, kwa sababu inakuza herufi. Ila +3.50 kwa mtu wa miaka 65 huona wazi kwenye sentimita 29 tu, kwa hiyo ataivuta kazi hadi puani, ainamishe shingo siku nzima, na jioni aseme mgongo umeanza uzee.

Jua la Kisumu nalo hudanganya. Mchana mkali mboni ya jicho hubana ikawa tundu dogo, na tundu dogo hufanya vitu vionekane wazi hata namba isipotosha. Utavaa +1.50 ukiwa juani, usome tarakimu zote za kadi ya kukwangua, ulipe, uende. Usiku chini ya balbu moja ya sebuleni mboni inapanuka, na herufi zilezile zinafanya ukungu. Miwani haijaharibika. Imejaribiwa mahali pasipofaa. Mwambie mchuuzi mwingie kivulini, ndani ya mlango wa duka, mgongo wako ukielekea nje ili mwanga uangukie karatasi. Beba kitu chako cha kusoma, na kilicho bora ni karatasi nyembamba inayokuja ndani ya pakiti ya dawa. Ishike palipo fundo la uzi. Iwe wazi hapo, kisha isogeze nyuma na mbele kidogo, ibaki wazi. Ikififia mara tu unapoisogeza mbali ya fundo, namba ni kubwa mno. Ukisita kati ya namba mbili, chukua ndogo. Halafu fumba jicho moja usome, ufumbe la pili usome. Jicho moja likiona wazi na jingine lisione, irudishe ubaoni, kwa sababu lenzi zake mbili zina namba moja na macho yako hayako hivyo.

Kibandiko pia hukosea, na kukikagua hakuhitaji mashine. Simama ndani ya chumba chenye ukuta mweupe unaotazamana na dirisha, na nje kuwe na jengo au mti ulio mbali. Shika lenzi karibu na ukuta, irudishe nyuma polepole hadi picha ya lile jengo itokee ukutani, kichwa chini miguu juu, kingo zake zikiwa kali. Pima kutoka lenzi hadi ukuta. Ikiwa ni +2.00 ya kweli utapata sentimita 50, +2.50 utapata 40, +1.50 utapata 67. Fanya hivyo kwa lenzi zote mbili, na zikitofautiana kwa sentimita nyingi, usiinunue. Usitumie jua lenyewe, kwa sababu lenzi hizi hulikusanya na huweza kuwasha karatasi.

Hapohapo shika miwani kwa urefu wa mkono, tazama nondo ya dirisha kupitia lenzi, uisogeze juu na chini, kulia na kushoto. Nondo iteleze taratibu. Ikijikunjakunja kama kitu kilicho chini ya maji, lenzi imemiminwa vibaya.

Jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa ni kitovu cha lenzi. Kila lenzi ina sehemu moja ambayo mwanga hupita bila kupindwa, na inatakiwa iwe mbele ya mboni. Umbali kati ya mboni na mboni kwa watu wazima wengi ni milimita 54 hadi 74, na miwani ya tayari hukatwa kwa uso wa wastani, milimita 62 hadi 64 hivi. Mwenye macho yaliyokaribiana sana akivaa lenzi zenye vitovu vilivyo mbali, macho yake hulazimika kuvutana kuelekea puani kuliko kawaida. Baada ya nusu saa anasikia uzito juu ya nyusi. Uzito huo hukua pamoja na namba: milimita 5 za kukosea kwenye +1.00 wengi hawazihisi, kwenye +3.00 madhara ni mara tatu. Kwa hiyo kuanzia +2.50, mwenye uso mwembamba sana au mpana sana aende akatengenezewe dukani. Hapo zile elfu zina maana.

Siku hizi kuna pia miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, na muuzaji ana kitochi chake. Anamulika kadi, doa linatokea. Anaweka lenzi katikati, doa linapotea, na bei inapanda. Jaribio lile ni la kweli, ila linaonyesha tu kwamba lenzi inazuia mwanga wa kile kitochi. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizi hupunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta. Usiongeze hata shilingi. Pesa hiyo nunua taa, kwa sababu sehemu ya nyuma ya jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika nyuma ya jicho la miaka 20, na taa iliyowekwa kando ya kitabu mara nyingi husaidia kuliko kuongeza namba.

Kwa umbo, mama wa sokoni anayetazama mizani kisha mteja kisha mizani tena atafurahia nusu miwani, ile fupi inayokaa karibu na ncha ya pua, kwani anatazama juu yake bila kuivua. Miwani nzima inamfaa anayekaa. Usitembee nayo wala usiendeshe boda nayo: mbali yote ni ukungu. Ile yenye mstari katikati, juu ya kutazama mbali na chini ya kusomea, inasaidia, lakini ukishuka ngazi unaitazama sakafu kupitia sehemu ya kusomea na hatua huioni vizuri, basi inamisha kidevu.

Lenzi za bei hii huchubuka upesi, na mara nyingi mwenyewe ndiye huzichubua. Vumbi ni chembe ngumu, na pindo la shati likiwa kavu huzisugua kwenye plastiki. Mwagia maji kwanza, tone la sabuni ya vyombo, suuza, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba. Spiriti na sanitaiza zinaweza kupasua plastiki ya aina hii kwa nyufa ndogondogo, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huipinda fremu. Mkono wa fremu ukilegea, kaza skrubu kwa bisibisi ndogo, kisha dondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake ili isifunguke tena.

Inafaa pesa hiyo? Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wachuma chai wa Assam, India, waliofika miaka 40: waliopewa miwani ya karibu walizidisha mavuno yao kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Anayechuma majani mawili na kichipukizi Nandi au Kericho anatumia macho yaleyale.

Sasa wale ambao ubao huu hauwafai. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia asinunue bado, kwani sukari ikipanda na kushuka namba hubadilika nayo. Mzee aliyekuwa akivaa miwani, ghafla akaanza kusoma bila hiyo, familia isisherehekee: mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza, ameikaza lenzi kwa ndani. Presha ya macho mara nyingi haiumi, na miwani haiwezi kuionyesha. Ukiona mistari iliyonyooka imepinda, mwanga unamemeteka, pazia linashuka, au jicho linauma na kuwa jekundu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kisumu kuna kliniki ya macho katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Vihiga kuna Sabatia Eye Hospital, na Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Hata asiye na dalili apimwe kila baada ya miaka miwili. Akienda, abebe miwani anayoitumia na ule uzi wenye fundo, amwonyeshe mpimaji kazi yake hukaa umbali gani, kwa sababu chumba cha kupimia nacho kwa kawaida hutumia sentimita 40 kwa kila mtu.