York mwezi wa Januari: wahi jua

Nilikwenda York, mji wa kale kaskazini mwa Uingereza, katikati ya Januari, siku mbili na usiku mmoja, kwa treni kutoka King's Cross, London. Safari ni kama saa mbili. Jamaa zangu walinishauri nisubiri Juni. Nashukuru sikuwasikiliza, ila natamani mmoja wao angenitajia habari ya jua.

Linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika kumi jioni. Mimi niliyezoea saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zilinijia zote ndani ya saa nne. Nilifika saa sita mchana, nikala, nikapumzika kidogo gesti, na nilipotoka giza lilikuwa limeshaingia na ukuta wa kale wa mji, ambao watu hutembea juu yake, umefungwa.

Nikaingia kanisa kuu, York Minster, kwenye sala ya jioni. Kuhudhuria ibada hakuna kiingilio. Mimi ni Mwislamu, nikakaa viti vya nyuma nikasikiliza kwaya tu. Sauti zile zilipanda juu kwenye mawe, zikabaki huko hata waimbaji waliponyamaza. Kesho yake nilirudi kwa tiketi kuona dirisha kubwa la mashariki, vioo vilivyochorwa na John Thornton kati ya 1405 na 1408. Nendeni asubuhi, mwanga ukiwa upande huo.

Ukuta una urefu wa kilomita 3.4 na kuupanda ni bure, lakini kukiwa na barafu hufungwa. Asubuhi ile nilikuta lango limefungwa. Nikaenda makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni. Hakuna kiingilio, ndani kuna joto, na nikamwona Mallard, garimoshi la mvuke lililokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Adhuhuri barafu ilikuwa imeyeyuka. Pandeni ukuta kwenye lango la Bootham Bar, mteremkie lango la Monk Bar: kanisa lote liko mkono wa kulia, na chini yake bustani zilikuwa bado nyeupe kwa sakitu pale kivuli kilipolala.

Gesti sitaisifu. Hita ilizimwa saa nne usiku, nikaomba blanketi la pili nikaambiwa hakuna. Nililala na jaketi. Kabla ya kulipia, ulizeni kama hita mnaiwasha wenyewe chumbani.

Mtoni Ouse maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye njia ya miguu pale King's Staith. Kuna baa ukingoni yenye alama za mafuriko ya miaka iliyopita, nyingine zinanipita kichwa. Msichukue chumba cha chini karibu na mto miezi hii.

Na viatu: mawe ya mtaa wa Shambles yakilowa yanateleza kama sabuni. Raba zangu za Kariakoo zilinishinda. Nilinunua buti zenye soli ya meno siku ya pili, ilhali ingefaa nizinunue ya kwanza.